Mswaki saa 1:30, chupa saa 2:30: uchambuzi wa kisa cha meno manane yaliyotoboka

Mtoto wa kike, miaka 3 na miezi 7, analetwa na mama yake na bibi yake. Ni siku ya nne anaamka usiku akilia na kushika mdomo. Chakula anakitafuna upande mmoja, na nyama anaitema. Uzito wake ni kilo 12.6, chini ya wastani wa wasichana wa umri wake ingawa bado uko juu ya mstari wa uzito pungufu. Hajawahi kuonwa na daktari wa meno. Bibi anauliza swali ambalo husikika karibu kila mara: haya si meno ya utoto tu, kwa nini yasiachwe yang'oke yenyewe?

Kisa hiki ni cha mfano. Kimeunganishwa kutokana na mambo yanayojirudia kwa watoto wa umri huu, ili kuonyesha jinsi ya kupima visababishi badala ya kuviorodhesha tu. Kuorodhesha ni rahisi: sukari, ukoga, bakteria, chupa, kukosa floraidi (madini yanayoimarisha meno). Kazi ngumu ni kujua kwa mtoto huyu kipi kilitangulia, kipi kiliharakisha, na kipi kikiondolewa leo kitaleta tofauti kubwa.

Kilichoonekana kinywani

Mtoto alazwe chali, kichwa kikiwa mapajani mwa mtahini na miguu ikizunguka kiuno cha mama aliyekaa uso kwa uso naye. Mdomo wa juu uinuliwe kwa kidole hadi fizi ionekane. Kabla ya kutazama, ukoga ufutwe kwa pamba na jino likaushwe kwa sekunde tano hivi, kwa sababu doa jeupe la mwanzo wa kuoza hujificha kwenye jino lenye mate. Wengi huruka hatua hii, kisha huandika kwamba jino ni zima.

Meno yote 20 yameota. Meno manne ya mbele ya juu yametoboka. Mawili ya kati yameliwa usoni na ubavuni yanapokutana, na mawili ya pembeni yana mashimo ya kahawia kwenye mstari wa fizi. Jino la kati la kushoto limegeuka kijivu, na juu yake kwenye fizi pana kijipu kidogo cha manjano. Magego ya kwanza yote manne, mawili juu na mawili chini, yana mashimo kwenye uso wa kutafunia, na kwa mawili kati yao shimo limetambaa hadi ubavu wa nyuma. Chonge za juu zina mstari mweupe wa chokaa kandokando ya fizi, bila shimo. Magego ya pili yana mifereji iliyoingia rangi, hayajatoboka. Meno manne ya mbele ya chini hayana hata doa.

Kwa hesabu ni meno 8 na nyuso 12. Kuoza kwa jino lolote la utoto kabla mtoto hajatimiza miaka 6 huhesabiwa kuwa kuoza kwa meno utotoni. Kwa mtoto wa miaka 3, nyuso 4 zilizooza, kuzibwa au kung'olewa zinatosha kuuita ugonjwa huo mkali, na hata shimo moja kwenye uso laini wa meno ya mbele ya juu lingetosha. Huyu amevuka vigezo vyote viwili.

Jino la kijivu lilihitaji swali moja la ziada: je, aliwahi kuanguka akaumia mdomo? Jino la utoto linaweza kufa kwa kishindo tu, hata bila kuoza. Mama anasema hapana, na shimo la jino hilo limefika kwenye kiini, kwa hiyo jibu linaeleweka.

Ramani ya mashimo inasema nini

Kabla ya kuuliza lolote kuhusu chakula, mpangilio wa mashimo umeshasimulia nusu ya habari. Meno ya juu ya mbele yameharibika na ya chini yamesalimika. Mtoto anaponyonya chupa amelala, ulimi hukaa mbele na kufunika meno ya chini, na mate ya tezi zilizo chini ya ulimi na taya huyaosha papo hapo. Meno ya juu hayana kinga hiyo. Kimiminika hukusanyika nyuma ya mdomo wa juu na kukaa. Magego ya kwanza huota baada ya meno ya mbele, kwa hiyo huwa ya pili kushambuliwa. Chonge hufuata, na magego ya pili, yanayoota mwisho, huwa na muda mfupi zaidi kwenye hatari. Mtoto anayeharibu magego tu huku meno ya mbele yakibaki safi huwa na kisa kingine, mara nyingi cha vitafunwa vinavyonata na mifereji isiyosafishwa. Hapa ramani inaelekeza kidole kwenye chupa na usingizi.

Shajara ya siku tatu

Mama anapoulizwa mtoto anakula nini, anajibu vizuri: milo mitatu, matunda, pipi mara chache. Jibu ni la kweli, ila halisaidii, maana swali lenyewe ni baya. Linalofaa ni: nini kinaingia kinywani, na saa ngapi, tangu anaamka hadi anaamka tena? Shajara iandikwe siku tatu, mojawapo ikiwa ya mapumziko, na kila anayemlea mtoto aiandike sehemu yake. Siku moja ya shajara hii ilikwenda hivi:

Saa 12:30 asubuhi, chupa ya maziwa yenye kijiko kimoja cha chai cha sukari. Saa 2, kifungua kinywa chenye sukari. Kuanzia saa 4 hadi saa 6, mililita 150 za juisi kwenye kikombe chenye kifuniko cha kunyonyea, funda moja baada ya jingine huku akicheza. Saa 7 mchana, chakula na maji. Saa 8, chupa ya kulalia yenye kijiko kimoja cha sukari. Saa 10, biskuti. Saa 11 jioni, pipi. Saa 1 usiku, chakula. Saa 1:30, mswaki. Saa 2:15, dawa ya maji ya mafua. Saa 2:30, chupa kitandani, naye anasinzia nayo mdomoni. Saa 8 usiku, chupa nyingine akishtuka.

Dawa na chupa ya saa 8 usiku hazikuwemo kwenye maelezo ya kwanza. Hakuna aliyeficha, ni kwamba hakuna anayevihesabu kuwa chakula.

Sasa hesabu. Bakteria wa ukoga, Streptococcus mutans wakiwa mashuhuri zaidi ila si pekee, hugeuza sukari kuwa asidi ndani ya dakika chache. Kiwango cha pH, kipimo ambacho hushuka asidi inapozidi, kikifika chini ya 5.5 hivi, enameli, yaani tabaka gumu la nje la jino, huanza kupoteza madini. Mtafiti Stephan alilionyesha hili miaka ya 1940 kwa kupima pH ya ukoga baada ya kusukutua kwa maji ya sukari: hushuka ghafla, kisha hupanda polepole kadiri mate yanavyoisawazisha asidi, kwa kawaida kati ya dakika 20 na 60. Tukichukua nusu saa kwa kila tukio, pamoja na muda wa kula au kunywa kwenyewe, chupa ya asubuhi inachukua dakika 45, kifungua kinywa 45, juisi saa mbili na nusu, biskuti dakika 40, pipi dakika 40. Ni zaidi ya saa tano mtoto akiwa macho. Chupa za usingizini hazimo humo, na hazipimwi kwa kanuni hiyohiyo, kwa kuwa mtu akilala mate hupungua hadi kukaribia kukauka. Sukari ya saa 2:30 usiku haina wa kuiosha.

Juisi ndiyo iliyomshangaza mama zaidi. Mililita 150 zilezile zingenyweka kwa mkupuo pamoja na chakula cha mchana, zingeongeza muda mdogo tu kwenye tukio ambalo lingekuwepo hata hivyo. Kikombe cha kunyonyea kiliunyoosha muda huo ukawa asubuhi nzima.

Kwa gramu, sukari ya mtoto huyu inakaribia 45 kwa siku: kijiko cha chai kina gramu 4, chupa ni nne, juisi ina takriban gramu 15, na kilichobaki ni kifungua kinywa, biskuti na pipi. Ushauri wa Shirika la Afya Duniani wa mwaka 2015 ni sukari huru isizidi asilimia 10 ya nishati ya siku, na ikiwezekana ibaki chini ya 5. Kwa mtoto wa umri huu asilimia 10 ni kama gramu 30. Amezidisha, ndiyo, lakini kuzidisha huku peke yake hakuelezi meno manane. Utafiti wa Vipeholm nchini Sweden, uliofanywa kwa wagonjwa wa hospitali ya watu wenye ulemavu wa akili kati ya 1945 na 1953 kwa namna ambayo leo kamati ya maadili isingeipitisha, ulionyesha jambo hilohilo: sukari iliyoliwa pamoja na milo iliharibu kidogo, na ile inayonata iliyoliwa kati ya milo iliharibu vibaya.

Kaka yake kama kipimo

Katika nyumba hiyohiyo yupo kaka wa miaka 6. Anakula meza moja na mdogo wake, anatumia tyubu moja ya dawa ya meno, mama ni mmoja. Ana madoa meupe mawili na hana shimo. Ndugu mmoja hathibitishi kitu kisayansi, lakini anasaidia kupanga visababishi kwa uzito, kwa kuwa kile wanachoshiriki wote wawili hakiwezi kuwa ndicho kilichowatenganisha.

Wanashiriki bakteria wa mama, ambaye ana mashimo matatu yasiyotibiwa na ana mazoea ya kuonja chuchu ya chupa kupima joto. Mate ya mlezi ni njia inayojulikana ya bakteria hao kumfikia mtoto. Ila kwa mtoto aliyefikisha miaka mitatu na nusu bakteria wameshajenga makazi, na kumkataza mama kuonja chupa sasa kutabadilisha kidogo sana. Mama atibiwe meno yake kwa ajili yake mwenyewe, na kwa ajili ya mtoto mwingine akija. Kumtwika lawama kwa jambo hili ni kupoteza nguvu inayohitajika kwingine.

Wanashiriki pia dawa ya meno. Ilipoletwa na kusomwa, tyubu ya “watoto” haikuwa na floraidi hata kidogo. Kosa hili ni zito kuliko wengi wanavyodhani: familia inapiga mswaki kwa bidii na inapata sehemu ndogo tu ya faida.

Wasichoshiriki ni vitu vitatu. Kaka alizaliwa miezi ikiwa imetimia. Dada alizaliwa wiki ya 35 akiwa na kilo 2.1. Kaka hakulala na chupa baada ya kufikisha mwaka. Na kaka hana mafua ya mara kwa mara.

Kuzaliwa kabla ya wakati kunaonekana kwenye jino lenyewe. Enameli ya meno ya mbele ya juu huanza kujengwa mtoto akiwa tumboni na humalizika miezi michache baada ya kuzaliwa, na sehemu inayojengwa mwisho ni ile ya karibu na fizi. Mtoto anayezaliwa mapema, akipitia matatizo ya kupumua au ya kunyonya wiki za mwanzo, anaweza kupata enameli nyembamba au yenye vishimo hapohapo ukoga unapopenda kukaa. Kwenye meno ya pembeni ya mtoto huyu, kando ya mashimo, ulionekana ukanda wa enameli wenye mikwaruzo na rangi ya maziwa. Udhaifu huu hautoboi jino wenyewe. Kazi yake ni kupunguza muda ambao asidi inahitaji.

Mafua nayo yanamletea mambo matatu kwa mpigo. Pua ikiziba anapumua kwa mdomo, na meno ya juu ya mbele hukauka. Dawa ya maji ina sukari ili inyweke. Na dawa za mzio za aina ya zamani, kama klofenamini, hupunguza mate. Kuitoa robo saa kabla ya kulala, baada ya mswaki, ni kuichagulia saa mbaya kuliko zote.

Kwa hiyo uzito unapangwa hivi: chupa za usingizini zimebeba sehemu kubwa, enameli dhaifu na ukavu wa mdomo vimeharakisha, juisi ya kunyonya imeongeza saa za mchana, na dawa isiyo na floraidi imemnyima mtoto kinga ambayo ingepunguza madhara ya yote hayo.

Kilichofanyika, kwa mpangilio

Maumivu kwanza. Jino la kijivu lenye kijipu liling'olewa kwa ganzi. Antibiotiki haikuandikwa, kwa kuwa hapakuwa na homa wala uvimbe wa uso. Kijipu kwenye fizi hutibika kwa kuondoa chanzo chake. Chonge zikiwa zimeshaota, pengo la jino la mbele halifungi sana. Hilo ndilo jibu la nusu ya kwanza ya swali la bibi. Nusu ya pili: gego la utoto hukaa hadi miaka 10 au 11, likiondoka mapema meno ya jirani huinamia nafasi yake, na usaha unaokaa juu ya mzizi unaweza kuacha doa kwenye jino la ukubwani linalojengwa papo hapo juu yake.

Meno matatu ya mbele yaliyobaki hayakuwa na maumivu. Yalipakwa silva daiamini floraidi ya asilimia 38, dawa ya kusimamisha uozo iliyoingizwa mwaka 2021 kwenye orodha ya Shirika la Afya Duniani ya dawa muhimu. Mafuta ya kujikinga hupakwa midomoni na kwenye fizi, mabaki ya chakula hutolewa, jino hukaushwa, tone moja huchukuliwa kwa kibrashi na kusuguliwa shimoni kwa dakika moja, kisha ziada hufyonzwa kwa pamba. Haihitaji sindano wala mashine. Gharama yake ni rangi: sehemu iliyooza huwa nyeusi tii na hubaki hivyo. Wazazi waonyeshwe picha ya meno yaliyopakwa kabla ya kukubali, kwa sababu maelezo ya mdomo hayatoshi, na mzazi aliyeshtuka nyumbani harudi. Dawa ikigusa ngozi huacha doa la siku kadhaa. Ikigusa nguo, doa halitoki.

Magego manne yalipigwa eksirei. Kwa kila moja palikuwa na ukanda mzima wa dentini (tabaka lililo chini ya enameli) kati ya shimo na kiini, na hakuna lililokuwa likiuma lenyewe usiku. Hayo ndiyo masharti ya kufunika kwa taji la chuma bila kuchimba wala kuondoa uozo, kwa kuligandisha kwa simenti ya glasi ayonoma. Uozo uliofungiwa bila sukari husimama. Meno huonekana kugongana juu kwa siku za mwanzo, kisha mng'ato hujirekebisha ndani ya wiki chache, jambo ambalo mama aambiwe mapema. Chonge na magego ya pili yalipakwa vanishi ya sodiamu floraidi ya asilimia 5, na jioni hiyo hakupigwa mswaki.

Kubadilisha ratiba nyumbani

Chupa haikukatwa kwa siku moja. Kwa nyumba nyingi amri hiyo hudumu usiku mmoja, halafu mlezi aliyechoka huirudisha, na mtoto anajifunza kwamba kilio kirefu hulipa. Sukari ilipunguzwa nusu kwa usiku tatu, kisha ikaondolewa. Baadaye robo ya maziwa ilibadilishwa kwa maji, halafu nusu, halafu robo tatu, kila hatua usiku mbili au tatu, hadi maji matupu. Mpango huu huharibika sehemu mbili: asali kuwekwa badala ya sukari kwa kudhani ni salama, na mtu mmoja nyumbani kutoambiwa. Ndiyo maana bibi alikuwepo kwenye mazungumzo yote. Chupa ya saa 8 usiku ni yeye aliyekuwa akiiamkia.

Dawa ya meno ilibadilishwa ikawa yenye floraidi ya ppm 1,000 (sehemu 1,000 kwa milioni) au zaidi, kiasi cha punje ya njegere kwa kuwa ameshavuka miaka 3. Chini ya hapo ingekuwa punje ya mchele. Mtu mzima ndiye anayepaka na ndiye anayesugua, mtoto akiwa ameegemeza kichwa kifuani mwake, mdomo wa juu ukiinuliwa ili mswaki ufike kwenye mstari wa fizi. Ateme povu bila kusukutua, kwani kusukutua mara tatu kama walivyozoea huondoa floraidi ileile iliyonunuliwa. Mswaki wa usiku ulihamishwa kutoka saa 1:30 hadi saa 2:20. Dawa ya mafua haikusimamishwa. Aliyemwandikia dawa hiyo aliulizwa kama ipo isiyo na sukari, na hadi ipatikane inatolewa mara baada ya chakula cha jioni, mswaki ukifuata. Mtoto alielekezwa kwa daktari wa masikio, pua na koo achunguzwe nyama za nyuma ya pua.

Miezi mitatu baadaye

Hakuna shimo jipya. Mataji manne yapo imara. Meno mawili yaliyopakwa ni meusi, makavu na magumu yakiguswa kwa kifaa chenye ncha ya mviringo. La tatu bado laini ukingoni, likapakwa upya. Mstari wa chonge ya kulia umeacha uchokaa na kuanza kung'aa, dalili kwamba madini yanarudi. Wa kushoto haujabadilika. Uzito umefika kilo 13.4. Analala usiku kucha.

Chupa ya usiku imekwisha, ila ya saa 8 mchana bado ipo, na ina sukari, kwa kuwa anayemlea mchana hakuwahi kuambiwa moja kwa moja. Karatasi yenye mistari mitano iliandikwa kwa ajili yake.

Kwenye daftari mtoto anabaki kundi la hatari kubwa licha ya matokeo haya, kwa sababu hakuna kinachotabiri shimo la kesho vizuri kuliko shimo la jana. Atarudi kila baada ya miezi mitatu kwa vanishi, na silva daiamini floraidi itarudiwa miezi sita ikitimia. Karibu na miaka 6, nyuma ya gego la mwisho la utoto, litaota gego la kwanza la ukubwani bila jino lolote kung'oka kumpisha. Wazazi wengi hulidhani ni la utoto. Mama ameonyeshwa kwenye picha mahali litakapotokea, ili alete mtoto lizibwe mifereji mara litakapojitokeza vya kutosha kukaushwa.